Fundi Mwavuli na Filamu Zangu Zisizo na Majina

Vijana, najua mnanisoma kwenye simu. Sawa, ishikeni hiyo simu, lakini msifungue kingine katikati. Mzee akiona anaongea na mtu anayechungulia pembeni, hunyamaza, na mimi nikinyamaza sijui nani mwingine atawaambia haya.

Nataka kuwaambia filamu za kuangalia. Sisemi zile ambazo kila mtu kaziona, zile mnabishana vijiweni nani kampiga nani. Nasema zile ambazo ukimtajia mtu anakutazama kama umemsalimia kwa jina la marehemu. Mimi nimezionesha, nimezitafsiri kwa mdomo wangu huu, nyingine nimezirudia mpaka naziota, na leo hapa Chamwino sina mtu hata mmoja wa kumwambia, "Unakumbuka pale anapofungua dirisha?" Kitu ulichokiona peke yako kinasumbua. Baada ya miaka unaanza kujiuliza kama kweli ulikiona.

Taabu moja tu: majina ya filamu zenyewe siyajui.

Ngojeni nieleze. Nilikuwa na kibanda cha video. Mabati juu, mabati ubavuni, mablanketi madirishani, mabenchi ya mbao kuukuu za kumwagia zege ambayo yalichana suruali za watu wazima. Waliniita Mkalimani, kwa sababu nilikaa mbele na maiki nikitafsiri. Jina langu la ubatizo walilijua mchungaji na mke wangu tu. Mkanda ukinifikia ulikuwa umeshapita mikono mingi. Ganda limepotea, au mkanda umevaa la mwenzake. Maandishi ya mwanzo yameliwa. Na hata yangekuwepo, mimi nimeishia darasa la nne, tena la kuungaunga. Maandishi ya Kichina ningeyaanzia upande gani? Kwa hiyo tulizibatiza wenyewe. Filamu iliitwa kwa mtu wake au kwa kitu chake. Bi Harusi wa Treni. Mpishi Kiziwi. Mbuzi wa Hakimu. Mteja akisema, "Mkalimani, kesho weka Mbuzi," tumeelewana, hakuna swali.

Sasa nenda leo pale wanapoingiza filamu kwenye flashi. Mimi nilikwenda. Nikamwambia kijana nataka Mbuzi wa Hakimu.

"Mzee, nani kaigiza?"

"Mbuzi."

"Mbuzi gani sasa?"

"Wa hakimu. Ana doa jeupe hapa shingoni."

"Ya mwaka gani?"

"Mbuzi anajua mwaka?"

Alicheka mpaka akaegemea kompyuta, akawaita na wenzake waje wamwone babu anayemtafuta mbuzi. "Babu, chukua hii," akaniambia, "ina mapigano mwanzo mpaka mwisho." Nikaichukua kwa heshima. Kweli, ilikuwa na mapigano mwanzo mpaka mwisho. Nililala katikati.

Lakini Mbuzi wa Hakimu, jamani! Watu wawili wanagombea mbuzi, hakimu anaagiza mbuzi akae kwake mpaka kesi iishe. Kesi haiishi. Hakimu ni mtu mpweke, hana mke wala ndugu, jioni anakula huku mbuzi anamtazama. Mpaka inafika siku ya hukumu, na yeye ndiye anatakiwa kumtoa mbuzi kwa mtu mwingine kwa kauli yake mwenyewe. Kibandani kwangu, watu wa kufuga walibishana juu ya hukumu ile wiki nzima. Mzee mmoja alisema hakimu hafai, kwa sababu mbuzi alizaa kwake na hakuna aliyeuliza kitoto ni cha nani. Hiyo itafuteni. Mkiipata mniite.

Nilikuwa nasema nini? Majina. Tutarudi.

Kazi hii nilifundishwa na Bwana Saidi, mtu wa Kondoa, aliyekuwa na gari la sinema. Gari lilizunguka vijijini na filamu za kilimo na afya, tunatandika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule, watu wanakuja na vigoda vyao. Mimi nilibeba nyaya. Kulikuwa na filamu ya kuchimba choo. Mwanamume anachimba, anajenga, anaezeka, anatabasamu, imekwisha. Tukiwa huko upande wa Mpwapwa, bibi mmoja akasimama: "Tumemwona anachimba, tumemwona anajenga. Mbona haingii?" Bwana Saidi akashika maiki bila hata kukohoa: "Bibi, mtu mzima anaingia watu wakishaondoka." Kijiji kizima kikaangua kicheko. Na nasikia vyoo vilichimbwa.

Pale nikajua kwamba filamu haijakamilika mpaka mtu aiseme. Bwana Saidi alinipa kanuni moja: "Usiwaambie wanachokiona, macho wanayo. Waambie kisichoonekana. Nani ni nani, anataka nini, anaogopa nini." Kwa kanuni hiyo nimefanya kazi miaka na miaka. Lugha sikuijua hata moja. Nilikisia kwa nyuso. Ukitaka kujua anayeongea ni mwongo, usimwangalie yeye, mwangalie anayesikiliza. Hiyo chukueni bure, inafaa hata nje ya filamu.

Kukosea nilikosea. Kuna moja ya Kihindi, niliwatangazia watu kwamba yule bwana mwenye masharubu ni baba wa msichana. Nikamjengea ubaba wa kutosha, nikasema alimlea kwa shida, aliuza ng'ombe. Nusu saa baadaye bwana masharubu akamvalisha msichana shada la maua, wanafunga ndoa. Benchi la nyuma likapiga yowe: "Mkalimani! Baba gani huyo?" Nikasema, "Tulizeni, ndiyo kwanza imegundulika hakuwa baba yake." Mke wangu, aliyekuwa akikaa mlangoni kuwapokea watu, akaingiza kichwa: "Na ng'ombe je, walirudishwa?" Alikuwa hanisamehei kitu, Mama Tabu. Filamu isiyo na harusi kwake haikuwa filamu. Amekwenda zake sasa, Mungu amrehemu, na nikiwasha televisheni hakuna anayeniuliza kwa nini mtu anatembea tu bila kuoa.

Basi siku moja mchana, upepo wa mwezi wa nane unapiga mabati, akaingia mtu na fimbo nyeupe. Ndahani. Asiyeona tangu utotoni, alisomea Buigiri, kwenye shule ya wasioona, akawa fundi wa kusuka viti, viti vyake mpaka leo viko maofisini. Akatafuta benchi kwa fimbo, akaketi. Kijana mmoja akasema, "Mzee, umepotea, hapa ni video, siyo redio." Ndahani akageuza uso pale pale sauti ilipotoka. "Wewe una macho mawili na umekaa umeacha nafasi ya mbele iko wazi. Nani kapotea?" Watu wakacheka, kijana akasogea.

Filamu ilipokwisha, wote wakatoka, yeye akabaki.

"Mkalimani, shikamoo siitoi, nadhani tuko rika moja."

"Tuko rika moja."

"Unasema vizuri. Lakini unaniibia."

"Nimekuibia nini?"

"Unaniambia mtu ana huzuni. Huzuni mimi naijua, nimekuja nayo kutoka nyumbani. Niambie mikono yake inafanya nini, huzuni nitaitafuta mwenyewe."

Nilikaa na maneno hayo. Ilikuwa kinyume kabisa cha Bwana Saidi. Ila nikajaribu. Kila Ndahani akiwepo, nilianza kusema vidogo: kashika kikombe kwa mikono miwili, hanywi. Mlango umepakwa bluu lakini chini umebabuka. Kwanza watu walilalamika, "Tunaona, bwana!" Halafu wakanyamaza. Halafu nikagundua na wao walikuwa hawaoni. Walikuwa wanaangalia tu. Hata mimi. Mtu akikuuliza mwavuli una rangi gani, ndipo unautazama mwavuli.

Sasa tumefika kwenye mwavuli, na hapa ndipo nilipokuwa napaendea tangu mwanzo.

Ulikuja mkanda usio na ganda. Nikauweka mchana, kibanda kimejaa. Mji wa mbali, sijui nchi gani, watu wana kofia za sufu. Kuna fundi wa miavuli. Na mvua katika mji ule imekatika. Haijanyesha, haijanyesha, watoto wadogo hawaijui. Fundi anafungua duka kila asubuhi. Anafagia. Anafungua mwavuli mmoja, anaukagua mbavu, anaufunga. Hakuna anayekuja. Juu ya mlango wa duka kuna samaki wa bati, sijui kwa nini samaki, na upepo ukivuma samaki anageuka.

Hapo watu wakaanza kuzomea. "Mkalimani, weka nyingine! Ukame tunao wa kwetu!" Wengine wakainuka. Mjue, ulikuwa mwaka ambao mtama ulikuwa umeungulia shambani, na mtu hatoki nyumbani kwenye njaa kuja kuangalia ukame wa Wazungu. Wakaondoka benchi kwa benchi. Tukabaki mimi na Ndahani.

"Niweke nyingine?" nikamuuliza.

"Mikono yake inafanya nini?"

"Inashona mwavuli mwekundu. Kidole gumba hana."

"Endelea."

Nikaendelea. Mwavuli mwekundu uliletwa na mwanamke mmoja, akasema ataufuata mvua ikinyesha. Basi fundi kautengeneza, kautundika. Kila siku anautungua, anaufuta vumbi, anautundika. Mwanamke anapita barabarani, hageuki. Anazeeka. Wanazeeka wote wawili. Sikuwahi kutafsiri filamu kwa sauti ndogo kama ile, hata maiki niliizima. Ndahani kainama, kiganja sikioni.

Halafu wakati mmoja fundi anatoka nje ya duka, anatazama juu. Samaki wa bati anaanza kugeuka. Fundi anarudi ndani haraka, anautungua mwavuli mwekundu, anasimama mlangoni. Anaangalia barabara.

Na deki ikameza mkanda.

Nyie wa flashi hamjui kitu hicho. Unasikia krrr, kama mtu anatafuna kaukau, picha inakuwa chenga tupu. Nilikuwa fundi wa hayo. Unafungua deki, unautoa mkanda kwa vidole taratibu, kichwa cha deki unakifuta kwa pamba na spiriti, vumbi la Dodoma lina mchanga wa kukwangua chuma. Palipokatika unaunga kwa selotepu nyembamba, siyo ile nene. Nimeokoa mikanda ambayo wenyewe walishaililia. Ule haukuokoka. Kipande cha mwisho kilikuwa kimejikunja kama utumbo wa kuku. Niliunyoosha, nikauunga, nikaurudisha: chenga. Fundi mlangoni, halafu chenga.

"Ikawaje?" Ndahani akauliza.

"Sijui."

"Mvua ilinyesha?"

"Ndahani, mimi na wewe tumeishia pale pale."

Angekuwa mwingine ningemtungia. Kutunga ndiyo kazi yangu, niliyemwozesha baba mtu ningeshindwa mvua? Lakini yule alijua. "Ukitunga," aliniambia mara ya kwanza tulipofahamiana, "sauti yako inapanda kidogo, kama mtu anapanda ngazi." Kwa hiyo sikutunga. Na tangu siku hiyo salamu yetu ikabadilika. Akifika mlangoni hasemi hodi. Anasema, "Ilinyesha?" Na mimi, "Bado natafuta."

Nimetafuta mpaka nimechoka kuchekwa. Kila aliyeleta mikanda nilimuuliza Fundi Mwavuli. Nani kaigiza? Mzee asiye na gumba. Inaitwaje? Fundi Mwavuli. Hakuna kitu kama hicho, Mkalimani, umeiota. Mama Tabu aliniambia hivyo hivyo: umeiota. Shahidi wangu alikuwa mmoja tu, na hakuwa ameiona.

Miaka ikaenda. Zikaja sidii, zikaja simu. Watu wakaacha kibanda bila hata kuaga, kama walivyoacha siku ile ya Fundi Mwavuli, benchi kwa benchi. Sasa mtu anaangalia peke yake, masikio kayaziba kwa spika, anacheka peke yake barabarani. Zamani mtu akicheka peke yake tulimpeleka akaombewe. Mabati nikayauza. Mama Tabu akaugua, akaenda. Watoto wako Dar, wanapiga simu Jumapili. Na Ndahani, mikono ikaanza kumtetemeka, kusuka hawezi tena, binti yake akaja kumchukua, akaenda kuishi naye Kongwa. Siku anaondoka aliniuliza, "Ilinyesha?" Nikamwambia, "Bado natafuta." Akasema, "Tafuta basi, na mimi sina miaka mingine kama ile."

Nikawa natafuta bila mahali pa kutafutia.

Mwaka jana jirani yangu alimpangisha chumba binti anayefanya kazi Mtumba, huko kwenye wizara, anaitwa Upendo. Anatoka kwao Mbeya, hamjui mtu hapa. Jioni anakaa barazani na simu yake. Siku moja kanikuta napunga hewa nje, akanisalimu vizuri, "Shikamoo babu," akakaa. Akaniuliza napenda nini. Hakuna aliyeniuliza hivyo siku nyingi. Nikamwambia yote, mpaka samaki.

Nilitegemea atacheka. Yeye akafungua simu. "Babu, jina huna, sawa. Nipe vitu. Samaki yuko wapi?"

"Juu ya mlango. Wa bati. Anageuka na upepo."

"Mwavuli?"

"Mwekundu. Mpini wa mbao, umeunganishwa kwa uzi mweusi."

"Gumba la mkono gani?"

"Kushoto."

Akanitazama. "Babu, umekumbukaje vyote hivyo?"

"Kuna mtu alinilazimisha kuangalia."

Akaandika, akauliza watu wa nchi za mbali huko mtandaoni, watu wanaopenda filamu za kale, wanaandikiana bila kuonana. Hakupata siku ile. Hata juma lile hakupata. Mimi nilishakata tamaa, nikasema nimemsumbua mtoto wa watu. Ndipo siku moja baada ya kazi akaja hajavua hata viatu vya ofisini, kasimama mlangoni kwangu, kanyoosha simu. Kwenye kioo kulikuwa na samaki wa bati.

Jamani. Nilishika nguzo ya mlango.

Jina lake la kweli nimeonyeshwa. Limeandikwa kwa herufi kama miguu ya jongoo, siwezi kulisoma, na Upendo naye hawezi. Tukaiangalia barazani, yeye akaegemea hapa na mimi hapa. Kumbe mwavuli ni mwekundu wa damu ya mzee, siyo ule wa kung'aa niliomwambia Ndahani, televisheni yangu ilikuwa inadanganya rangi. Kumbe fundi anaimba chini chini, sikuwahi kusikia, mabati yalikuwa yanapiga kelele. Tukafika kwa fundi mlangoni. Picha haikukatika. Ikaendelea.

Nimeuona mwisho. Sitauandika hapa, mtaona kwa nini.

Upendo alipiga miayo, akasema, "Nzuri, babu, ila iko taratibu." Akaenda kupika. Simlaumu, alikuwa ametoka kazini. Mimi nilibaki pale barazani na mwisho wangu kifuani, natafuta wa kumwambia.

Kesho yake nikapanda basi, nikashuka Mbande, nikaunganisha Kongwa. Nilimkuta Ndahani kwenye kiti alichosuka mwenyewe, kivulini mwa nyumba ya binti yake, kakonda. Nilijifanya kukanyaga polepole. Akanisalimu Kigogo bila kugeuka, "Mbukwa, Mkalimani. Ilinyesha?"

Nikasema, "Nimeipata."

Mikono yake ikaacha kutetemeka, au niliona hivyo. Binti akaleta ugali wa uwele na mlenda, tukala, halafu Ndahani akasema, "Anza mwanzo. Usiruke."

Simu sikuitoa hata mfukoni. Nilianza mwanzo. Duka, ufagio, mbavu za mwavuli. Nikarekebisha rangi ya mwekundu, akaitikia kwa kichwa, "Nilijua." Nikamwimbia anavyoimba fundi. Binti aliacha vyombo, akakaa chini akasikiliza. Wanazeeka, hageuki, wanazeeka. Fundi anatoka, anatazama juu. Samaki anageuka. Anautungua mwavuli, anasimama mlangoni, anaangalia barabara.

Nikavuta pumzi niseme.

Ndahani akainua kiganja. "Hapo. Simama hapo."

"Ndahani, ninao mwisho. Ninao!"

"Nasikia unao. Sauti imetulia, hutungi." Akatabasamu na meno yake yaliyobaki. "Ukishaniambia, utakuja kufanya nini Kongwa? Kula mlenda wa binti yangu?"

"Nitakuja kukusalimia."

"Watu wote walisema watakuja kunisalimia."

Binti yake akatazama chini. Kisha Ndahani akaniuliza habari za mahindi ya Chamwino, kama mimi ni mgeni tu aliyepita, na alipokuwa ananisindikiza kwa fimbo mpaka kwenye miti ya uani, akasema, "Mwezi ujao, anzia mwanzo tena. Na ule wimbo uuimbe vizuri, leo ulikuwa umekauka koo."

Nimekwenda mara kadhaa sasa. Kila mara naanzia mwanzo, kila mara nasimama mlangoni na fundi. Nikirudi nyumbani nakaa barazani, mwisho ule unanipanda mpaka kooni, naumeza. Upendo kahamishiwa ofisi ya Dodoma mjini, kahamia huko. Kaniachia filamu kwenye flashi, nimeifunga kwenye leso ya Mama Tabu.

Kwa hiyo vijana, ombi langu ni hili. Njooni Chamwino, ulizeni kwa Mkalimani, watawaonyesha. Nitawawekea Fundi Mwavuli, na mkiipata ya Mbuzi leteni. Ikifika mwisho nitanyamaza, nitaacha ninyi muongee kwanza, hata mkisema iko taratibu. Mradi tuwe wawili tulioiona.

Na mkipita Kongwa, mkamkuta mzee mwembamba kwenye kiti cha kusuka, atawauliza kama ilinyesha. Mwambieni habari ya mvua ya huku kwetu, vyovyote ilivyo. Ya kule kwa fundi msiitaje.